Uchovu wa kazi uliokithiri: unavyomwingia mtaalamu wa fiziotherapia

Msongo wa kazi wengi tunaujua. Foleni ndefu, muda mfupi, kichwa kinauma. Ukilala vizuri Jumapili, Jumatatu unaendelea. Uchovu uliokithiri ni pale unapolala na kuamka vilevile.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Halikuuhesabu kuwa ugonjwa, na nadhani lilifanya vizuri, maana ukiambiwa mtu anaumwa utamtazama yeye na kuisahau kazi. Dalili ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanikishi kitu.

Hiyo ya pili hujificha. Chukua mtaalamu wa fiziotherapia, yule tunayemwita mtu wa mazoezi, hapa Tabora. Analetewa mzee wa kiharusi kutoka vijiji vya Uyui, kabananishwa kwenye bodaboda kati ya dereva na binti yake. Zamani angeanza na "Shikamoo mzee, tumbaku mwaka huu vipi?" huku akimnyoosha kidole kimoja kimoja. Siku hizi anamuuliza binti, "Huyu ni mkono au mguu?" na macho hayatoki kwenye daftari. Roho mbaya hana, ameishiwa.

Ya tatu inaletwa na kazi yenyewe. Kiungo hurudi kwa mazoezi ya kurudiarudia, wiki baada ya wiki. Nauli ikikosekana, mzee haji. Akionekana tena baada ya miezi miwili, vidole vimejikunja na kukakamaa, na jasho lote la mwanzo limepotea. Yakikukuta hayo mara kumi, utajiuliza unafanya nini pale. Na kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti ni kubeba mzigo hasa: anayetibu migongo ya watu anarudi kwake ameshika kiuno.

Likizo husaidia, ila ukirudi ukakuta uko peke yako na benchi limejaa, wiki mbili tu umerudi palepale. Afadhali apatikane wa kusaidiana naye, na wagonjwa wapangiwe siku badala ya kumiminika wote Jumatatu. Tena yule binti afundishwe mazoezi ya kumfanyisha baba yake nyumbani, asubuhi na jioni, ili nauli ikikwama mwezi mzima, mzee akija vidole viwe bado vinafunguka.