Cheche kwenye terminali haithibitishi kuwa kuna kitu kinakula betri

Ukipeleka gari gereji, iwe Nakuru au Kisumu, ukilalamika kwamba betri inalala usiku, kuna fundi atakayechomoa terminali hasi na kuigusisha tena. Akiona cheche, hukumu imetoka: waya umeshoti. Sivyo. Taa ya mlango ulio wazi na kompyuta za gari zinazoamka hutoa cheche hata kwenye gari lisilo na hitilafu.

Dawa ni mita. Toa ufunguo, funga milango, weka mita kwenye ampea 10 kati ya terminali hasi na waya wake uliouchomoa. Usipige stata, utaunguza fyuzi ya mita. Subiri dakika 30 hadi 60 kompyuta zilale. Wengi hukosea hapa kwa haraka tu. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ampea 0.3 hula karibu ampea-saa (Ah) 7 za chaji ya betri kwa siku.

Kisha rudisha waya wa betri, subiri tena, upime milivolti kwenye vidoti viwili vya chuma mgongoni mwa kila fyuzi bila kuichomoa. Inayosoma zaidi ya sifuri ina umeme unaopita, fuata laini yake. Mara nyingi utakuta redio, alamu au traka iliyofungwa baadaye. Zote zikisoma sifuri, kagua daiodi za alteneta, zile zinazozuia umeme wa betri usirudi ndani yake.