Kiyoyozi cha gari hakipoozi? Usikimbilie gesi

Gari la zamani likianza kupuliza hewa ya joto, wengi husema gesi "imeisha", kana kwamba ni petroli. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuijaza bila kuziba ni kutia maji kwenye pakacha.

Tena wakati mwingine gesi ipo, tatizo ni umeme. Washa injini na kiyoyozi, kisha tazama uso wa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi: je, klachi (sahani ya mbele) inanasa na kuzunguka pamoja na puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda wa injini? Kama hainasi, pima umeme kwa mita kwenye plagi yake. Volti 12 hadi 14 zikifika, shuku koili (sumaku ya umeme inayovuta klachi), waya wa erthi au mwanya wa klachi uliopanuka kwa uchakavu. Zisipofika, rudi nyuma: fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), swichi ya presha. Swichi hiyo hukata umeme gesi ikipungua mno, kwa hiyo usiiruke kwa kipande cha waya ukaiacha hivyo. Oili ya kompresa husafiri na gesi. Bila gesi, kompresa inajisaga.

Na feni inayopuliza kwenye spidi ya mwisho tu? Karibu kila mara ni rezista, kifaa kinachopunguza umeme wa feni kwenye spidi za chini. Gesi haihusiki hata chembe.