Je, wajua kwa nini "kumuuguza" mtu si kumtia ugonjwa?

Kijana mmoja wa Uingereza alipanga chumba kwetu Ngamiani, hapa Tanga, akijifunza Kiswahili. Jioni moja akauliza mama yuko wapi. Mdogo wangu akamjibu: "Yuko Bombo, anamuuguza bibi."

Kijana akabaki na kikombe mkononi. Kitabu chake kilimfundisha kwamba kitenzi kikipata z mwishoni, mtu anamfanyisha mwenzake: lia, liza, potea, poteza, pungua, punguza. Kwa hesabu hiyo ugua, uguza: mama yetu yuko hospitalini anamzidishia bibi ugonjwa, na sisi tumetulia tunakula mihogo.

Tulicheka, ila hesabu yake haikuwa na kosa. Uguza ni kitenzi cha kusababisha kweli, na hiyo z ni masalia ya l ya kale. Katika maneno mengi Kiswahili kiliimeza l iliyokuwa katikati ya irabu, lakini bado huchungulia: fungua, funguliwa, ugua, ugulia. Ilipokutana na kiambishi cha kale cha kusababisha, ikawa z. Ndivyo k ya choka ilivyozaa chosha, na p ya ogopa ikazaa ogofya.

Kilichomponza ni kudhani kwamba kusababisha lazima kuwe ni kulianzisha jambo. Hebu sikiliza watu wa pwani. Mkunga anamzalisha mama, wala si yeye aliyeleta mimba. Imamu anawaswalisha watu waliokuja msikitini kwa miguu yao. Mwezi wa Ramadhani jirani anakufuturisha, na saumu ulifunga mwenyewe. Yeye kaleta uji, tambi na kaimati. Mjomba anayemsomesha mtoto huenda hata darasani hakai. Katika vitenzi hivi vyote jambo ni la mwingine, na mtendaji amesimama naye mpaka lipite. Anayeuguza ni hivyohivyo: ugonjwa ni wa bibi, mama anakesha nao. Waingereza kwa kazi hiyohiyo husema "nurse", neno lililotokana na kunyonyesha na kulisha mtoto. Wao walianzia kwenye ziwa la mama, sisi kitandani kwa mgonjwa.

Sasa ukitaka kusema mtu kaleta ugonjwa, lugha inakupa njia nyingine: kaniambukiza mafua, kanitia homa. Kwa karaha ndiyo usiseme, maneno yamejaa: kuchukiza, kuchefua, kukinaisha, kutapisha, kutia kinyaa. Kiingereza hapa kina tabia ya ajabu kidogo. "Sicken" ni kuugua na pia kumfanya mtu augue, na siku hizi husikika zaidi mtu anaposema jambo fulani limemchukiza mpaka roho inamwasha. "Disgust" ndani yake mna ladha iliyoharibika. "Horrify" imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha nywele kusimama, na hilo halihitaji mkalimani: hata kwetu mtu akiona la kutisha nywele humsimama na mwili ukamsisimka. "Appal" ni kupauka uso. Hiyo sisi hatukuihitaji sana, kwa sababu zilizo wazi.

Ninayoipenda ni "nauseate", kumtia mtu kichefuchefu. Mzizi wake ni neno la Kigiriki la chombo cha baharini. Wagiriki walikijua kichefuchefu kwanza kama ugonjwa wa melini, kisha ukapanda nchi kavu. Aliyevuka kutoka Tanga kwenda Pemba wakati wa kusi haoni ajabu. Chombo kinapanda wimbi, kinashuka, na mwenzako aliyekuwa akipiga soga gatini sasa kimya, kashika mfuko. Nahodha atasema bahari imechafuka. Abiria naye atasema roho imemchafuka. Kitenzi ni kimoja kwa maji na kwa tumbo, na hatukukiazima Ugiriki.

Mama alirudi saa tatu usiku, kanga begani, kikapu cha vyombo mkononi. Kijana akainuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Umemuuguza bibi?"

"Nimemuuguza. Leo kanywa uji, kikombe kizima."