Je, wajua kwa nini hukumbuki kama umefunga mlango?

Nilitoka nyumbani Langoni, mji wa Lamu, asubuhi, nikafuata Usita wa Mui, nikasalimiana na watu wasiopungua kumi. Nilipokaribia jeti, boti ya Mokowe inanguruma, swali likanipiga: nimefunga mlango? Nikarudi mbio, nikajibanza ukutani mara mbili kuwapisha punda waliobeba mchanga. Kufuli lilikuwa limefungwa. Boti ikaenda zake.

Nilidhani ni uzee. Kumbe ni ubongo kubana matumizi. Jambo ulilolirudia mara elfu hukabidhiwa sehemu za ndani kabisa ya ubongo zinazosimamia mazoea, na mkono hulitenda bila kukuuliza. Wewe unabaki huru kuwaza deni la dukani. Sasa, kumbukumbu huandikwa vizuri pale ulipoweka nadhari. Usipoiweka, hakuna cha kukumbuka, na hata kidogo kilichobaki kinafanana mno na mlango wa jana na wa juzi.

Na akili ikiachiwa haikai bure. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, walieleza kuwa kuna sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi mtu anapokuwa hana shughuli maalumu. Ndizo zinazohusika tunapokumbuka ya nyuma, tunapopanga ya mbele na tunapojiuliza fulani alimaanisha nini aliposema vile. Miaka 9 baadaye, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu wazima 2,250 kwa simu, wakiwavizia saa yoyote: unafanya nini, na unawaza nini? Asilimia 46.9 ya majibu yalionyesha akili iko kwingine. Waliokuwa kwingine hawakuwa na raha kama waliokuwapo, na hata waliowaza mazuri hawakuwashinda waliokuwa wameshughulika na kilicho mbele yao.

Kwetu hili si geni. Mtu anasimama kuswali, katikati hajui kama hii ni rakaa ya tatu au ya nne. Sheria haikumfukuza msikitini; ilimwekea sijida ya kusahau, sijida mbili, akaendelea na maisha yake. Mimi huona hapo kuna huruma kubwa kuliko katika mafunzo mengi ya siku hizi yanayokutaka uwe na utulivu tangu alfajiri hadi usiku.

Mafunzo hayo ya umakinifu yalianzia wapi? Mizizi yake ni ya Kibudha, lakini umbo lake la hospitalini lilianzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu: wiki kadhaa za kujizoeza kuitazama pumzi, mwili na mawazo bila kuyahukumu. Watu wengi wameshika ile picha ya kukaa juu ya mkeka macho yamefumbwa, kama wageni wanavyofanya Shela jua likichomoza. Mkeka si lazima. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwapa wanafunzi 51 vyombo waoshe. Nusu walisomeshwa kwanza maneno ya kuwatia nadhari kwenye harufu ya sabuni, vuguvugu la maji na mguso wa sahani. Hao ndio waliomaliza wakiwa na wasiwasi mdogo zaidi. Vyombo ni vilevile.

Mtaani kwangu kuna mzee anayeshona kofia za viua barazani. Kila kitundu hukizungushia uzi kwa sindano nyembamba, kimoja baada ya kingine, mamia kwa mamia. Nilimuuliza kama hachoki. Akanionyesha ncha ya kidole chenye sugu: "Mwanangu, ukiondoka, sindano itakwita." Sikupata maelezo mafupi kuliko hayo. Akili itaondoka tu. Kazi ni kugundua imeondoka, kuirudisha, na kutojitukana.

Kwa hiyo sikujaribu kuwa macho siku nzima. Safari za akili nazo zina faida, nusu ya mipango yangu huja nikitembea. Nilichagua vitu viwili. Cha kwanza ni kikombe cha kahawa chungu jioni, kile kidogo kisicho na mkono, ambacho moto wake haukuruhusu kugugumia. Tangawizi kooni, buli linagongwa, simu mfukoni. Basi.

Cha pili ni mlango. Madereva wa treni Japani hunyoosha kidole kwenye ishara na kuitamka kwa sauti, ili jicho, mkono na mdomo vishuhudie pamoja. Nikaiga. Nafunga, navuta kufuli mara moja nisikie ubaridi wa chuma, kisha natamka pamoja na siku yenyewe, maana siku ndiyo inayolitenga tendo la leo na la jana.

"Nimefunga, Jumatano," nilisema juzi.

Dirishani juu, ng'ambo ya kichochoro, mtoto wa jirani akajibu: "Haya, tumesikia!"

Boti niliiwahi.