Mizani iondoeni pembeni ya bwawa

"Dokta, nikimleta kuogelea atarefuka?" Wazazi huniuliza hivyo kila muhula, nikiwa nimechuchumaa na futi kamba yangu. Hapana. Waogeleaji wa mashindano ni warefu kwa sababu warefu ndio wanaobaki, wafupi wengi huchoka kushindwa wakahamia michezo mingine. Michael Phelps, bingwa wa kuogelea wa Marekani, ana sentimita 193, na akinyoosha mikono, kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 201. Hayo si ya bwawani, ni ya kurithi.

Kazi yangu ni kupima watoto hawa kila baada ya miezi mitatu: urefu wa kusimama, urefu wa kukaa, uzito, na unene wa mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono na kwenye kigimbi, unaonionyesha mafuta yaliyo chini ya ngozi. Urefu wa kukaa ndio unaowashangaza watu. Miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili hufuata nyuma, kwa hiyo nikilinganisha viwili hivyo napata fununu kama mtoto anakaribia kasi yake kubwa ya kukua au ameshaipita. Wasichana wengi huifikia kwenye miaka 12, wavulana kwenye 14, na mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 au zaidi kwa mwaka mmoja. Sasa waweke wavulana wawili wa miaka 13 kwenye mashindano, mmoja sauti imeshakuwa nzito, mwenzake bado mtoto kabisa. Kocha anasema wa kwanza ana kipaji. Huenda anacho, ila kwanza ana miaka miwili ya homoni ambayo mwenzake hajaipata.

Kwa wasichana mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo ninapogombana na makocha. Binti akikaribia kuvunja ungo, nyonga hupanuka na mafuta huongezeka, muda wake majini ukagoma kushuka. Hiyo si uvivu wala ulafi. Mwaka jana niliitwa kumwona binti wa miaka 13 ambaye klabuni kwao walikuwa wanapimwa uzito kila Jumamosi mbele ya wenzao. Akaambiwa aache wali. Akaacha, na chapati pia, akaendelea na mazoezi ya alfajiri na jioni. Hedhi ikakatika. Mwili usiopata nishati ya kutosha hujibana wenyewe, unaanza kwa uzazi na mifupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea tatizo hili tamko rasmi mwaka 2014, lakini mizani ya Jumamosi bado ipo.

Hata asilimia ya mafuta siipendi kwa watoto. Kanuni nyingi zilitungwa kwa watu wazima, ilhali misuli na mifupa ya mtoto ina maji mengi zaidi na madini machache, hivyo hesabu inadanganya. Mimi hujumlisha milimita za mikunjo, nikazifuatilia kwa mtoto yuleyule. Basi.

Mifupa nayo. Maji yanambeba mwogeleaji, kwa hiyo mifupa yake haipati kishindo, na mara nyingi haiwi imara kuliko ya mtoto asiyecheza mchezo wowote. Wacheza mpira na sarakasi wanamzidi. Na karibu robo ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu kuzunguka ile kasi kubwa ya kukua. Ndiyo maana waogeleaji wangu huruka kamba na kucheza rede kabla ya kuingia majini. Wazazi wengine hudhani natania.

Yule binti nilimpima tena mwezi uliopita. Kaongeza sentimita mbili, mikunjo imepanda milimita sita, hedhi imerudi. Muda wake wa mita 100 bado haujarudi, na kocha kanuna. Kwenye kadi yake nimeandika: wali uendelee.