Moyo umechoka, lakini miguu isiachwe ilale

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, akitoka wodini hukuta nyumbani kila kitu kimeshapangwa. Kiti chake kiko barazani, maji analetewa, akinyanyuka tu anaambiwa, "Baba kaa, usiuchoshe moyo." Ni mapenzi, hakuna anayebisha. Lakini mapenzi ya namna hii yanammaliza nguvu, na naona tumeyanyamazia mno.

"Moyo umechoka, dawa yake ni kupumzika"

Dhana hii haikuzuka mtaani. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliwaagiza wagonjwa kama huyu walale kitandani. Baadaye ikaonekana kwamba uchovu wao hautoki kwenye moyo peke yake. Misuli ya mapaja ikikosa kazi hunywea, na ikinywea haiwezi kuitumia vyema hata hiyo oksijeni kidogo inayoletwa na damu. Basi safari ya msalani tu inamfanya atwete. Anaogopa, anazidi kukaa, na miguu inazidi kulegea. Mazoezi hayampi moyo mpya, ila yanaizoesha misuli kufanya kazi ileile bila kuuhemesha moyo sana.

"Akitembeatembea ataanguka afe"

Hofu hii ndiyo inayowafunga wengi, nayo ilipimwa. Utafiti wa HF-ACTION, uliotolewa mwaka 2009, ulifuatilia wagonjwa 2,331 huko Marekani, Kanada na Ufaransa, watu wenye mioyo dhaifu kwelikweli. Waliopangiwa mazoezi hawakufa wala kulazwa zaidi ya wenzao. Faida upande wa vifo haikuwa kubwa, tusiitie chumvi, lakini walipoulizwa kuhusu hali zao, walijisikia nafuu kuliko wale wasiopangiwa.

Ila hao walikuwa wametulia na wanameza dawa. Mgonjwa aliyeongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, miguu imevimba upya, au halali bila kuongeza mito, si wa kutembezwa; huyo awahishwe kliniki. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au homa. Na mwenye valvu, yaani mlango wa ndani ya moyo, iliyoziba sana asianze lolote bila ruhusa ya daktari wake.

"Ni ugonjwa wa vikongwe, watulie tu"

Huku kwetu sivyo. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012, uliowahusu wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na chanzo kikuu ni presha. Mtu wa miaka 52 ana genge lake, ana shamba, ana watoto shuleni. Kumkalisha kitini ni kumwondoa kwenye maisha yake.

"Mazoezi ni kukimbia au kwenda jimu"

Aanze na dakika tano uani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Akizizoea, aongeze kidogo kidogo. Kunyanyuka kitini na kukaa tena mara kadhaa ni zoezi. Kufagia uwanja taratibu nako ni zoezi. Kipimo ni mazungumzo: awe anaweza kuongea na mwenzake huku anatembea. Akikatika maneno, apunguze mwendo. Mapigo ya moyo si kipimo kizuri kwake, kwa sababu baadhi ya dawa anazotumia huyazuia yasipande. Ndoo ya lita ishirini amwachie mwingine, maana kuinua mzigo huku umebana pumzi hupandisha presha ghafla.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huona haya kulisema: dawa ya kupunguza maji mwilini. Ukiimeza alfajiri, mkojo unakusumbua asubuhi nzima, na mtu mzima hataki aibu ya barabarani, kwa hiyo hatoki. Asiiache. Amuulize daktari kama anaweza kuimeza akisharudi matembezini.