Figo ya Kununua: Sheria za Kimataifa Zinasemaje?

Katika mafunzo yetu kwa umma, swali hili halikosi: mtu mzima akiuza figo yake mwenyewe kwa hiari, kosa liko wapi?

Tuanze na Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Kifungu cha 3 kinataja utoaji wa viungo kama aina ya unyonyaji. Dalali akimpata mtu kwa kumlaghai, kumtisha au kutumia vibaya unyonge wake, ridhaa ya mtu huyo haihesabiki. Kwa aliye chini ya miaka 18, hata ulaghai hauhitaji kuthibitishwa.

Mwaka 2023 mahakama ya London ilimtia hatiani Ike Ekweremadu, aliyewahi kuwa naibu rais wa Seneti ya Nigeria, pamoja na mkewe na daktari mmoja. Walikula njama ya kumpeleka Uingereza kijana kutoka Lagos ili atolewe figo. Hospitalini walidai ni binamu wa mgonjwa, binti wa Ekweremadu. Madaktari walipomhoji waliona haelewi anachoingizwa, wakakataa. Figo haikuguswa, lakini Ekweremadu alifungwa miaka 9 na miezi 8. Kosa lilikuwa safari yenyewe na nia iliyoipanga. Nawapongeza madaktari wale. Maswali yao ndiyo yaliyomwokoa kijana.

Palermo inamlinda mtu aliyerubuniwa. Je, anayeuza akijua kila kitu? Hapo ndipo unapoingia Mkataba wa Santiago de Compostela wa Baraza la Ulaya, uliofunguliwa mwaka 2015 na kuanza kutumika 2018. Kwa mkataba huu, kutoa kiungo cha mtu aliye hai kwa malipo ni jinai hata akiwa ameridhia. Nchi zisizo za Ulaya zinaweza kujiunga, nami natamani sana zetu za Afrika Mashariki zifanye hivyo. Afrika imeshaonja balaa hili: mwaka 2010 kampuni ya hospitali moja ya Durban ilikiri makosa ya upandikizaji haramu, ambapo figo za maskini wa Brazil na Romania walipewa wagonjwa kutoka Israeli, huku karatasi zikisema ni ndugu.

Ndugu wa kweli wasiogope. Kumchangia mgonjwa wako figo ni halali, na kurudishiwa nauli au mshahara uliokosa ukiwa kitandani, Mkataba wa Santiago hauhesabu kuwa ni kuuza.